LAMU MASHARIKI: NI NANI ALIYEWAPUNGUZA WATU?



Kuna neno ambalo limeanza kusemwa katika mikutano yetu, na kwa kuwa limevaa mavazi yetu wenyewe, wengi wamelipokea bila kulihoji. Neno lenyewe ni hili: kwamba mtu ni mtu na kura ni kura, basi haiwezekani watu 22,258 wa Lamu Mashariki wawe na mbunge wao mmoja, na watu 291,930 wa Kisauni nao wawe na mmoja vilevile. Hesabu hizo ni za sensa ya mwaka wa 2019, na hatuzipingi. Ukigawanya utaona kwamba mkaazi mmoja wa Faza au wa Kiunga ana uzito wa wakaazi kumi na watatu wa Kisauni. Wanaosema hivyo huongeza kwamba viti vidogo vya mashambani ni hila ya utawala wa zamani, na kwamba mageuzi hayatakamilika mpaka vifutwe.

Wasemao hayo si maadui wa mageuzi. Ni vijana wetu, na miongoni mwao wamo wazee wa kanisa waliokula vumbi na moshi wa machozi pamoja nasi. Ndiyo sababu twawajibu hapa, mbele ya wote, wala hatutawanong'oneza pembeni.

Kwanza tujitaje tu nani, ili asije mtu akasema twatetea tumbo. Sisi tunaoandika haya ni wa Kibarani, hapo unapotoka kisiwani kwa Makupa na kukanyaga bara, upande wa Changamwe. Changamwe ilihesabiwa watu 131,882 mwaka huo wa 2019. Wakenya wote walikuwa 47,564,296, na viti vya Bunge vinavyogombewa katika maeneo ni 290, basi wastani wa kila kiti ni watu 164,015. Sisi tuko chini ya wastani. Kiti cha Lamu Mashariki kikifutwa hatupati kitu, na kikibaki hatupungukiwi. Lakini tumeishi miaka mingi kando ya jaa lililopokea taka za mji mzima, hadi lilipofungwa, nasi twajua namna ya kuishi mahali ambapo wakubwa hupakumbuka pale tu wanapotafuta pa kutupa kitu. Kwa hiyo tunaposikia kwamba mahali fulani ni padogo mno kuwa na msemaji, masikio yetu husimama.

Na tuanze na historia, maana wanaotaka kukifuta kiti hiki huanza na sensa, na sensa ni ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Mwezi Machi 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Pwani yote, tangu Vanga hadi Kiunga, na Taita juu, ilikuwa kiti kimoja, nacho kilichukuliwa na Ronald Ngala, mwalimu. Mwaka uliofuata viti sita vikaongezwa na Francis Khamisi akaingia kwa kiti cha Mombasa. Mji ukapata sauti yake, na mashamba na visiwa vikabaki pamoja katika kapu moja. Tena kura yenyewe haikuwa sawa. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake, na aliyejaaliwa zaidi aliweza kuwa na kura tatu peke yake. Mvuvi wa kisiwani asiye na cheti cha shule wala mshahara wa kuandikwa kitabuni hakuwa na hata moja. Hapo ndipo hesabu ya uwakilishi ilipoanza katika pwani hii. Waliokuwa wakiitunga siku hizo nao walisema ni haki.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilijaribu dawa nyingine. Baraza la Wawakilishi likawa na viti 117 vya maeneo, na juu yake kukawa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi, ili wilaya ndogo isimezwe na kubwa. Dawa hiyo haikunyweka hata miaka minne. Mwaka wa 1966 Seneti ikavunjwa, viti vyake 41 vikamiminwa ndani ya nyumba moja, vikawa 158. Ahadi kwa wadogo ilifutwa kwa sheria iliyopitishwa na wakubwa, na wengi wa waliokuwa wameapa kuilinda waliipigia kura ife.

Kutoka hapo ramani ikawa chombo cha mtawala. Hapa twakubaliana na wenzetu bila kusita. Kabla ya uchaguzi wa 1988, ule wa mlolongo, ambapo mtu alipanga foleni nyuma ya picha na aliyehesabiwa wa nyuma akatangazwa wa mbele, viti viliongezwa vikafika 188. Kabla ya uchaguzi wa 1997 vikafika 210. Vingi vya viti hivyo vilikatwa mahali ambapo chama tawala kilikuwa na hakika ya mavuno. Matunda yake yalionekana Desemba 1992, baada ya Kifungu 2A kuondolewa na vyama vingi kurudi: Rais Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura za urais, na chama chake kikatoka na viti 100 kati ya 188. Ni hesabu ya mizani iliyowekewa jiwe chini ya sahani. Mwenye kukumbuka hayo ana haki ya kulitilia shaka kila eneo dogo aonalo.

Lakini kalamu si njia pekee ya kulikata eneo la uchaguzi, na sisi wa Mombasa ndio wa mwisho ambao tungepaswa kusahau. Eneo hukatwa pia kwa moto. Badala ya kusogeza mpaka ukawaacha watu nje, wewe wauacha mpaka palepale na kuwaondoa watu.

Njia hiyo ilitumika Bonde la Ufa tangu 1991, na mbunge wa Changamwe wa wakati huo, Kennedy Kiliku, ndiye aliyeiongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mapigano hayo. Kamati ilihesabu watu 779 waliouawa. Kisha njia hiyo ikatufikia wenyewe. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na kuchomwa, askari sita wakauawa, na siku zilizofuata waliotafutwa walikuwa majirani zetu waliozaliwa bara. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Watu walipanda feri na mabasi wakiwa na godoro na mtoto mgongoni, wengine wakajaa katika viwanja vya makanisa, na kadi zao za kura zikabaki zimesajiliwa mahali ambapo hawangethubutu kurudi. Hakuna mpaka uliosogezwa hata hatua moja. Hata hivyo Likoni iliyopiga kura Desemba haikuwa Likoni ya Julai.

Sasa chukua yaliyotupata sisi kwa miezi michache, uyatandaze kwa miaka sitini. Hapo utakuwa umeanza kuielewa Lamu Mashariki.

Eneo hili ni kisiwa cha Pate na miji yake, Faza, Siyu, Kizingitini na Pate yenyewe. Ni Ndau na Kiwayu. Kisha ni ule ukanda wa bara unaopanda hadi Kiunga na mpaka wa Somalia, pamoja na msitu wa Basuba wanamoishi Waboni, wanaojiita Aweer. Zamani Wabajuni waliishi pande zote mbili za maji: nyumba na mashua kisiwani, mashamba na vijiji bara. Mvua ikinyesha walivuka kulima, mavuno yakiisha walirudi. Aliyewaita watu wa visiwani tu amewaona nusu.

Vita vya Shifta vilipoanza mwishoni mwa 1963 ule upande wa bara uliwaka. Mashifta walishambulia vijiji, na majeshi ya Serikali yakaja na hatua zake za hali ya hatari. Katikati ya hao wawili mwananchi hakuwa na pa kusimama. Vijiji vya mwambao kuelekea Kiunga vilikimbiwa kimoja baada ya kingine. Baadhi ya watu walirundikana visiwani, ambako maji ya kunywa ni ya kudra na mashamba hayatoshi. Wengine walishuka Malindi na hapa Mombasa, na wengi wao hawakurudi tena. Kisha mwaka wa 1970 Bunge likatunga sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Sheria hiyo ilitaja maeneo yake kwa majina: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu. Kwa hiyo aliyefukuzwa Lamu hakuambiwa tu kwamba shamba lake limepotea. Aliambiwa pia kwamba mlango wa mahakama umefungwa, na funguo zimechukuliwa na Bunge lile ambalo leo twabishana kama astahili kiti ndani yake.

Haikuishia hapo. Mwaka wa 1976 misitu ya Boni na Dodori ilitangazwa hifadhi za taifa, na 1979 bahari ya Kiunga ikafuata. Wanyama na matumbawe wana haki ya kulindwa, hatubishi. Lakini ardhi iliyokimbiwa kwa vita ilipopewa jina jipya, mwenye kurudi alijikuta mvamizi katika makaburi ya babu zake. Na Mboni, ambaye msitu ulikuwa ghala lake, akawa mwizi ndani ya ghala. Mwaka wa 2015, baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab, Serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni. Msitu ukawa uwanja wa jeshi, na kwa muda mrefu watoto wa Basuba hawakuwa na shule iliyo wazi wala wagonjwa zahanati yenye daktari. Hatusemi operesheni ilikuwa bila sababu; damu iliyomwagika Mpeketoni Juni 2014 haikuwa ya kubuniwa. Twasema tu kwamba kila jambo lililopita pale, liwe la haki au la dhuluma, liliacha watu wachache kuliko liliowakuta.

Kisha Agosti 2019 akaja karani wa sensa na daftari lake. Akahesabu 22,258.

Wazee wetu husema asiyekuwapo na lake halipo. Tumezoea kuusikia msemo huo kama onyo kwa mvivu asiyehudhuria shauri. Lakini kuna asiyekuwapo kwa sababu alifukuzwa, na kuna aliyeshika mlango huku akiuliza mbona huyu hakuja. Mwenye kumfukuza mtu kisha akamnyang'anya kiti kwa kuwa hayupo amefaidi mara mbili kwa kosa moja. Wasomaji wetu wa kanisani wanakijua kisa cha Mfalme Daudi alipoamuru watu wahesabiwe, na wanakumbuka kwamba hesabu yenyewe ndiyo iliyoleta msiba. Hatuwahubirii; twakitaja kwa sababu wengi hudhani kuhesabu ni tendo lisilo na lawama.

Tuje kwenye sheria, maana hatari ni ya kweli na yafaa ijulikane kwa tarakimu.

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 chasema idadi ya watu wa kila eneo ikaribie ule wastani kadiri iwezekanavyo. Kinaruhusu kupungua au kuzidi kwa sababu za jiografia, za mawasiliano, na za uhusiano wa jamii, wa historia, wa uchumi na wa utamaduni. Hadi hapo ni maneno ya hekima. Lakini kisha chaweka kikomo: asilimia 40 kwa miji mikuu na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Asilimia 40 chini ya watu 164,015 ni watu 98,409. Lamu Mashariki haifiki hata robo ya hiyo. Lamu yote, Mashariki na Magharibi, ni watu 143,920, na ukiigawa nusu kwa nusu kila upande utapata 71,960. Bado haitoshi. Kwa kuisoma Katiba neno kwa neno, Lamu yote ni kiti kimoja.

Kiti kilinusurika mapitio ya 2012 kwa sababu moja tu: ratiba ya mpito ndani ya Katiba ilisema kwamba mapitio ya kwanza yasipoteze eneo lolote lililokuwapo. Maeneo 27 yaliokolewa na kipengele hicho, Lamu Mashariki likiwamo. Mapitio ya pili hayana ngao hiyo. Yalipaswa kukamilika Machi 2024, lakini Tume ya Uchaguzi na Mipaka ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na muda ukapita. Kwa hiyo kilichokilinda kiti hiki miaka hiyo ni uzembe wa wakubwa. Ni ulinzi wa ajabu, na si wa kutegemewa.

Je, viti viwili vikiunganishwa kutatokea nini? Lamu Magharibi ilihesabiwa watu 121,662. Katika kila watu mia wa kiti hicho kipya, wa Mashariki watakuwa kumi na watano. Mgombea ataweza kufanya kampeni yake yote kwa gari, Mpeketoni, Witu, Hindi na Hongwe, akavuka mara moja hadi mji wa Amu kuonekana, na akatangazwa mshindi bila kupanda mashua kwenda Kizingitini. Wala hatawakosea kwa ubaya wa moyo. Ataenda penye kura, kama afanyavyo kila mgombea duniani. Mashua ya kwenda Kiunga yahitaji mafuta, nahodha na bahari tulivu, na msimu wa kusi haumsikilizi meneja wa kampeni.

Hapa lazima tuseme jambo kwa sauti, lisije likachukuliwa na wenye nia mbaya. Hatuna neno dhidi ya wananchi wa Mpeketoni. Waliletwa na Serikali kuanzia miaka ya 1970 katika mpango wa makaazi, wakapewa vipande vya ardhi, wakalima, wakazaa, wakazika wazee wao pale. Mwaka wa 2014 walichinjwa. Yeyote atakayelitumia andiko hili kumwambia jirani yake arudi kwao basi hakulisoma, na sisi tuliouona moto wa Likoni hatutakuwa kuni zake. Lakini ukweli unabaki. Serikali hiyohiyo iliyompa makaazi mtu wa mbali haikumrudisha nyumbani mtu wa Kiunga. Kosa si la aliyepokea. Ni la aliyegawa.

Watatujibu: Lamu ina seneta wake, sawa na Nairobi yenye mamilioni, je, haitoshi? Haitoshi. Seneta ni wa Kaunti nzima, na Kaunti ni ileile ambayo Mashariki ni kumi na tano katika mia. Hoja hiyo humwongezea sauti aliyekwisha kuwa nayo. Tena tumeona 1966 Seneti ikivunjwa asubuhi moja. Hatuwezi kumwekea maskini akiba yake yote katika chungu kilichowahi kupasuka.

Watatujibu tena, na hili ndilo jibu lenye uzito zaidi: kiti kimewafaa nini? Wamekuwa nacho miongo na miongo, na bado mjamzito wa Ndau huvuka maji usiku kutafuta hospitali. Hatutaikwepa. Kimewafaa kidogo. Wako wabunge waliokichukua kiti wakakaa nacho Nairobi kama mtu aliyeazima koti. Wakati wa chama kimoja, na hata baada yake, kilikuwa kiti cha kuhesabiwa upande wa Serikali, na wapiga kura wake walinunuliwa kwa bei ambayo tunaona haya kuiandika. Lakini mwaka wa 2022 watu hao wachache walimchagua Ruweida Obo, mwanamke na rubani, katika eneo ambalo watu wa mijini hupenda kulisema kwamba limelala. Bara kuna maeneo mengi yenye watu mara saba yao ambayo hayajapata kumchagua mwanamke hata mmoja. Kiti kinachotumiwa vibaya hurekebishwa kwa kura, lakini kiti kilichofutwa hakina uchaguzi mdogo.

Sasa turudi Mombasa, kwa kuwa tulianza na Kisauni. Madai ya Kisauni ni ya haki, na tutayatetea. Watu 291,930, na Likoni 250,358, wote wamevuka hata ule upeo wa asilimia 40 juu ya wastani, ambao ni 229,621. Mombasa nzima, watu 1,208,333, kwa wastani wastahili viti saba na ushei, tunavyo sita. Twadai kiti kimoja, nacho ndicho idadi ileile ambayo hesabu ingeing'oa Lamu. Hapo ndipo mtego ulipo. Hakuna sheria isemayo kiti cha Kisauni lazima kitoke Faza. Nchi ina viti 290, na viko vingine vidogo ambavyo hakuna aliyefukuzwa ndani yake, vilivyokatwa kwa rula ili bwana fulani apate pa kukaa. Tume ianzie huko. Lakini wakubwa watapenda sana kuona maskini wa mji na maskini wa kisiwa wakipigania kiti kimoja, huku vile vya rula vikibaki mahali pake.

Tumeona pia mwisho wa njia ya mkato. Ule mswada wa kubadili Katiba wa 2020, uliojulikana kama BBI, uliahidi viti vipya 70, vikagawiwa kaunti kwa jedwali ambalo mwananchi hakuulizwa. Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu Machi 2022 jedwali hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyokataliwa, kwa sababu hiyohiyo. Hatutaki Lamu iokolewe kwa mlango huo.

Twataka nini, basi? Twataka Bunge lirefushe ulinzi wa Lamu Mashariki kwa marekebisho ya wazi ya Katiba, yenye sababu iliyoandikwa: kwamba eneo hili lilipoteza watu wake kwa vita na kwa hatua za Serikali, na kwamba haliwezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida mpaka waliofukuzwa wapewe nafasi ya kurudi. Ulinzi uwe na sababu na uwe na mwisho. Hatuombi upendeleo wa milele. Vijiji vya bara vijengwe upya, njia ya Kiunga iwe salama, shule za Basuba ziwe na walimu. Kisha sensa ipite, na kama bado watu ni wachache kwa hiari yao wenyewe, tutazungumza tena. Anayeona sharti hilo ni zito aseme ni lipi jepesi: kumrudisha mtu nyumbani, au kumwambia kwamba nyumba haikuwapo.

Na kuna kazi yetu wenyewe, kwa sababu Tume itakapofungua vikao vya kusikiliza maoni, vya Lamu vitafanywa Amu, na wa Mombasa watakwenda kusema ya Mombasa. Humu Kisauni, Majengo, Mji wa Kale, na hata hapa kwetu, wamo wazee waliotoka vijiji vya bara vya Kiunga wakiwa watoto. Wengine ni majirani wa milango yetu, wanasali misikitini huku sisi tukisali makanisani, na hatujawahi kuwauliza. Kila tawi liwatafute. Liandike jina la kijiji, mwaka walioondoka, walikuwa nyumba ngapi, na ni nani wao aliyebaki kuzikwa huko. Orodha ziletwe Kibarani, tuziweke pamoja na waraka wetu, na waraka huo usomwe na mtu wa Kisauni.